Lumbesa Upande wa Kulia

Gari la Ponsian lilikuwa linakula matairi. Kula mafuta, kila gari linakula, na kula pesa ndiyo kazi iliyoyaleta magari duniani. Lakini hii Probox ilikula matairi, tena kwa kificho, upande wa ndani ule unaotazama uvungu, ambao huuoni mpaka ulale chini kama mtu anayetafuta kuku. Ukilitazama tairi kwa nje, kashata zake zote, yale meno ya mpira, zimesimama, zuri, unaweza kulipiga picha. Kwa ndani kipara kitupu, nyaya zimetoka.

Aligundua siku alipopata pancha katikati ya hifadhi, mahali ambapo mtu haruhusiwi kushuka kwa sababu ya wanyama, na hata angeruhusiwa asingetaka kwa sababu ya mbung'o. Alishuka. Akalala chini kuweka jeki kwenye tairi la mbele la kushoto, akaona ule upande uliolika, akasema, "Haa!" Abiria wakajua ni simba, wakapandisha vioo, wakamwacha huko huko nje na simba wake.

Huyu Ponsian alikuwa Mpimbwe wa Majimoto, mtoto wa walima mpunga, aliyeacha jembe akanunua gari la kupeleka watu Mpanda na kuwarudisha. Mpole. Ugomvi alikuwa hautaki kabisa, na njia yake ya kuukwepa ilikuwa kukubaliana na yeyote aliyeongea mwisho. Kwenye mambo ya gari, aliyeongea mwisho siku zote alikuwa Kalisti.

Kalisti alikuwa fundi, rafiki yake tangu kipaimara. Gereji yake ilikuwa uwanja wa wazi nyuma ya mashine ya kukobolea mpunga. Miezi kadhaa nyuma, Ponsian alipogonga jiwe na tairodi, ile fimbo ya chuma inayogeuza magurudumu ya mbele, ikapinda, ni Kalisti aliyeibadilisha, na ni yeye aliyeyanyoosha magurudumu baada ya kuibadilisha. Aliyanyoosha kwa jicho. Alichuchumaa mbele ya gari, akafumba jicho moja, akakaza nati hapa, akalegeza pale, akasema, "Tayari. Hizo mashine za alaimenti za mjini ni za mafundi wasioona." Ponsian alimwamini. Tangu siku hiyo gari likawa halitulii barabarani, ukiachia usukani kidogo tu linatafuta pa kwenda, lakini Ponsian akasema ni barabara.

Basi akampelekea Kalisti lile tairi. Kalisti akaligeuza, akalipapasa, akaguna. Halafu akauliza swali ambalo laiti angelimeza, mguu wa mtu usingeteseka.

"Kushoto anakaa nani?"

Ponsian akajifanya anafuta vumbi kwenye tairi. Kushoto alikuwa anakaa mama mkwe.

Sasa hapa lazima tuelewane. Ponsian alimwoa Suzana, binti wa Mzee Malale na Mama Ng'washi, Wasukuma walioteremka na ng'ombe wao wakajenga nje kidogo ya Majimoto. Na kwa wazee hao mkwe ni mkwe. Mama mkwe hamwangalii mkwewe usoni, hali naye, hapeani naye mkono, na jina lake halitamki hata akiulizwa na polisi. Mkwe naye akimwona anakuja njiani anaingia majanini. Ponsian kwao mambo haya yalishalegea zamani, lakini alimpenda Suzana, akayakubali yote, na majani yote ya njia ile akawa anayajua.

Taabu ilianza Mama Ng'washi alipopata kidonda mguuni. Sukari. Kidonda kilikaa kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia, hakitaki kupona, na zahanati wakasema hiki kimewazidi, aende kliniki Mpanda kila Alhamisi kikasafishwe. Muuguzi wa huko hakuzunguka maneno. Alisema, "Bibi, ukikosa Alhamisi mbili mfululizo, ya tatu tutaongea habari ya kukata."

Gari la kumpeleka ni la nani? La mkwe. Basi ikatafutwa namna. Dereva anakaa mbele kulia, kwa hiyo mama akawekwa nyuma, kushoto kabisa, dirishani, kanga usoni, macho chini. Katikati anakaa Suzana. Kila Alhamisi hivyo hivyo, kupitia Sitalike mpaka mjini. Na mazungumzo yalikuwepo, msidhani hayakuwepo.

"Suzana," mama anasema, "muulize mkwe kama tutasimama Sitalike."

Ponsian ameshasikia, maana Probox si ukumbi. Lakini anasubiri.

"Mama anauliza kama tutasimama Sitalike."

"Mwambie tutasimama."

"Anasema tutasimama."

"Haya, asante."

"Mama anasema asante."

Suzana alifanya kazi ya mnara wa simu mpaka koo likakauka. Na Mama Ng'washi, ukweli usemwe, alikuwa mama aliyejaa. Mwili wa heshima. Akipanda, gari linaitikia.

"Nani anakaa kushoto?" Kalisti akarudia.

"Mama mkwe," Ponsian akajibu, kwa sauti ya mtu anayeungama.

"Ahaa," akasema Kalisti. "Basi ugonjwa tumeupata. Gari limelemewa upande mmoja. Tairi linalala, linalika. Hapo hata ukinipa mashine ya Ulaya siwezi kitu."

"Kwa hiyo nimwambie ahamie kulia?"

"Akae nyuma ya mgongo wako, akupumulie kisogoni? Mama mkwe?"

Hilo lilikuwa haliwezekani, wote wawili walilijua. Kumwambia mama wa watu habari ya uzito wake ndiyo kabisa. Wakakaa wakafikiri. Kisha Kalisti, ambaye siku hizo akili yake ilifanya kazi ya ziada ili watu wasiikumbuke ile tairodi, akapiga vidole.

"Weka mzigo kulia. Ubalansi."

Ponsian akaona sawa. Aliyeongea mwisho alikuwa Kalisti.

Akafunga matairi mawili ya mtumba mbele, hayakufanana lakini yalikuwa mazima, halafu akazunguka uwanja mpaka kwa Melkior mwenye mashine ya mpunga. "Nataka gunia," akasema. Melkior akamuuliza gunia la kawaida au lumbesa. Ninyi mnaijua lumbesa: gunia lililojazwa mpaka mdomo haufungi, likaongezewa kilemba juu, likashonewa kamba, likatembea kama lina kichwa. Serikali imelikataza, nalo liko kila mahali. Ponsian alimfikiria mama mkwe, kwa heshima zote. Akasema, "Lumbesa."

Alhamisi iliyofuata Suzana akakuta lumbesa imekaa kwenye kiti cha nyuma kulia, imefungwa mkanda. Akaketi katikati ya mama yake na gunia. "Hii ya nani?" akauliza. "Mzigo wa mtu," Ponsian akajibu. Wakaenda Mpanda nayo. Wakarudi nayo. Alhamisi ya pili wakaenda nayo tena, wakarudi nayo tena.

"Suzana," mama akasema, "muulize mkwe huo mpunga hauna mnunuzi?"

"Mama anauliza mpunga hauna mnunuzi?"

"Mwambie bei bado haijapanda."

"Anasema bei bado haijapanda."

"Haya. Mwambie asiuuze kwa hasara."

Moyo wa mama ulikuwa mweupe. Hilo ndilo lililomuuma Ponsian baadaye kuliko yote, kwamba mama alikuwa anamwonea huruma.

Njiani kuna geti la ushuru wa mazao. Kamba imevutwa kukatisha barabara, mtu mmoja anakaa kwenye kiti cha plastiki, kofia imemfunika macho, lakini anaona. Alikuwa ameshaiona ile lumbesa ikipita kwenda na kupita kurudi, na mtu wa ushuru mzigo unaorudi unamnyima usingizi. Alhamisi ya tatu akainuka, akaja mpaka dirishani kwa Ponsian.

"Bwana, huu mpunga unaupeleka wapi?"

"Siupeleki popote."

"Hauendi popote na uko njiani?"

"Si wa kuuza," Ponsian akasema chini chini. "Ni wa kubalansi."

"Wa kubalansi nini?"

Ponsian angeweza kudanganya, mdomo alikuwa nao. Ila macho yake, bila kutumwa, yakaenda kwenye kioo cha ndani, yakapita kwa Suzana, yakatua kushoto. Yule bwana akayafuata. Akainama, akachungulia mpaka nyuma, akamwona mama na kanga yake. Akalitazama gunia. Akamtazama mama tena.

"Ahaa," akasema. "Lakini unajua lumbesa hairuhusiwi?"

"Najua, mkuu."

"Sasa wewe unazo mbili."

Akacheka peke yake, akashusha kamba, akarudi kwenye kiti chake. Kwake neno lilikuwa limekwisha, alikuwa anachangamsha asubuhi tu. Ponsian alisubiri mama aseme, "Suzana, muulize mkwe." Mama hakusema. Suzana naye hakugeuza shingo. Walifika mjini bila neno, na mbung'o mmoja aliyekuwa ameingia alisikika njia nzima.

Kliniki ilipokwisha, Mama Ng'washi hakurudi kwenye gari. Alirudi Majimoto juu ya lori la mbao, na mguu wake uliofungwa bandeji mpya, na binti yake kando. Ponsian akarudi na lumbesa. Kama vile haitoshi, tairi la kushoto likapasuka kabla hajafika kwake.

Jioni hiyo Suzana alikunja nguo zake. "Naenda kumwangalia mama," akasema.

"Suzana, mimi sikusema neno. Ni yule bwana."

"Neno hukusema. Ulilishona, ukalifunga mkanda, ukaliweka kwenye kiti." Akatoka.

Alhamisi iliyofuata Ponsian aliamka mapema, akaosha gari, akalitupa gunia nyuma ya nyumba, akaenda kusimama mbali kidogo na boma la wakwe zake. Akapiga honi kwa adabu. Akatoka Suzana peke yake.

"Anasema gari la mtu anayempima kwa gunia hapandi."

"Basi nimtafutie bodaboda."

"Nilishamwambia. Anasema akionekana kwenye boda, watu watajua kwenye gari alishindwa kuenea."

"Na mguu?"

"Mguu anasema ni wake." Suzana akatazama nyuma bomani. "Ponsian, kidonda kimeanza kunuka."

Ponsian akaondoka na abiria wengine, na siku hiyo alimchukia bila sababu kila mtu aliyekaa kushoto. Alikuwa na hofu ya kweli. Alihesabu Alhamisi kwa vidole na vidole vyenyewe vikamtia woga. Kwa upande mwingine, mtaona, akili yake bado haikuwa imefunguka. Maana Kalisti alimfungia tena matairi mengine mawili mbele, yale ya zamani wakamtupia Dieudonne, fundi viatu Mrundi anayekata katambuga, viatu vya tairi, sokoni. La kushoto Ponsian alilikagua kabla ya kulitoa: limeliwa ndani. La kulia hakulitazama. Lilikuwa limebeba lumbesa, aliliamini. Na wiki haijaisha, akachungulia lile jipya la kushoto, akakuta nalo limeshaanza kulika kwa ndani, na mama mkwe hajakanyaga garini.

Nyie! Mtu mzima, ana leseni, ana mke. Si ndiyo hapo angetia akili? Alikwenda kwa Kalisti.

"Mama hapandi siku hizi," akasema, "na bado linakula."

Kalisti akalizunguka gari mara mbili. "Gari limeshazoea," akasema.

Ponsian akatikisa kichwa kukubali.

Alhamisi ya pili mama hakwenda. Jumamosi yake, Mzee Malale akaja mwenyewe kwa miguu mpaka nyumbani kwa Ponsian, fimbo mabegani. Mzee huyu ni mtu wa maneno machache, na hayo machache huwa ameyapunguza njiani.

"Kesho asubuhi ulete gali," akasema, maana herufi r kwake haijawahi kukaa sawa. "Mama yako ana neno nalo."

"Ana neno na mimi?"

"Na gali."

Ponsian hakulala vizuri. Asubuhi akaenda, akaliingiza gari uani, akashuka upande wake, akasimama nyuma ya mlango, macho kwenye vumbi. Mama Ng'washi alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya boneti, kanga usoni, mguu mbaya umewekwa juu ya kigoda kingine. Harufu ilimfikia Ponsian pale alipokuwa. Suzana alikuwa ameenda kisimani. Wa kupeleka maneno hakuwepo.

Mama akaligeukia gari.

"Wewe gari, hujambo."

Gari halikujibu. Ponsian naye hakujibu, kwa kuwa hakuulizwa.

"Mimi ni yule uliyekuwa unanipeleka Mpanda. Nikawa nakuumiza. Nilikuwa sijui, ungeniambia. Lakini baba Suzana ameninunulia viatu, kwa ajili muuguzi amenikataza kutembea peku. Viatu hivi vya tairi, kwa yule Mrundi wa sokoni. Nimevivaa, vinanilaza miguu. Yote miwili inataka kulala kwa ndani. Nikasema labda ni mimi, ndiyo kawaida yangu siku hizi, kila kibaya ni mimi. Nikavibadilisha, cha kushoto nikavaa kulia, cha kulia kushoto. Vikanilaza kwa nje. Nikasema, basi leo si mimi."

Akavua katambuga ya mguu mzima, akachukua na ya pili iliyokuwa kando, akaziweka juu ya boneti.

"Sasa, gari, mimi sijakuangalia usoni hata siku moja, na dereva wako nimemstahi nisimwangalie. Nilikuwa naangalia chini. Kila tukisimama Sitalike, kila tukingoja kliniki, mbele yangu ni matairi tu. Nayajua. La kushoto lilikuwa na mistari imelala kama nywele zilizosukwa twende kilioni. La kulia lilikuwa na vibonge. Haya, mwambie mwenyewe atazame."

Ponsian akasogea, akichepuka kama kaa, akavitwaa viatu. Kimoja kilikuwa na mistari ya twende kilioni. Kingine kilikuwa na vibonge. Vyote viwili ukingo mmoja mnene kama chapati, ukingo mwingine mwembamba kama karatasi ya daftari.

"Muulize mwenyewe," mama akasema, na sauti ikaanza kupanda. "Kushoto nilikaa mimi, sawa, nimekula. Na huku kulia alikula nani? Au nilikuwa nakaa pande zote mbili?"

Pale nyuma, Mzee Malale akakohoa.

Ponsian akalala chini, akajisukuma mpaka uvunguni. Kwa mara ya kwanza tangu aanze hiyo habari ya matairi, akalipapasa la kulia kwa ndani. Kipara. Akageuka akalipapasa la kushoto. Kipara. Yalikuwa yameliwa sawasawa, kama yaliyokaa sahani moja. Akatazama kwa mbele akaona magurudumu yote mawili yamegeuzia midomo nje, hili linatazama zizi, lile linatazama jiko, kama watu waliogombana. Akakumbuka Kalisti amechuchumaa na jicho moja limefumbwa. Ikamwingia yote kwa pamoja, tairodi, jiwe, usukani usiotulia, lumbesa iliyofungwa mkanda, na ile harufu. Aliona aibu mpaka masikio yakamwasha. Akalala hapo, oili ikimdondokea shavuni, hajui atatokaje.

Na huko uvunguni haonekani uso. Akapata ujasiri kidogo.

"Mama," akasema. "Nimekosea."

Ng'ombe mmoja akalia zizini.

"Baba Suzana," akasema Mama Ng'washi, "hiyo sauti ni ya gari?"

Mzee Malale akainama akachungulia uvungu. "Naona ni ya gali."

"Basi gari limeomba radhi, nimelisikia. Si kosa lake lakini, limetumwa tu. Mwenye gari je?"

Ponsian akatoka. Alitoka na vumbi mgongoni na oili shavuni, akapiga magoti mbele ya boneti, mbele ya mama mkwe, pasipo majani ya kujifichia. "Ni mimi Ponsian," akasema. "Si wewe mama uliyekula. Ni magurudumu yamepinda, na ni mimi niliyekubali kuambiwa, kwa sababu kukusingizia wewe na kufunga gunia ilikuwa rahisi kuliko kulala chini nikatazama. Naomba twende hospitali. Nakuomba sana." Na akalia, tena kwa sauti, mwanaume na ndevu zake.

Mama akaivuta kanga vizuri usoni. Akasema, bila kumtazama mtu, "Suzana akirudi mwambieni achukue na blanketi. Yaweza kuwa tutalala huko."

Walilala huko. Muuguzi alifungua bandeji, akaitazama, akauliza, "Mlikuwa wapi?" Suzana akamtazama Ponsian, Ponsian akatazama sakafu. Daktari akaja, akabonyeza, akasema mguu utapona, walikuwa wamechelewa lakini hawajachelewa kabisa. Kidole gumba ndicho hakitapona. Wakakikata.

Mama alipokuwa wodini, Ponsian alilipeleka gari kwenye gereji moja ya mjini yenye mashine ya alaimenti. Kijana wa pale alifunga vyuma vyake kwenye magurudumu, akatazama vipimo, akapiga mluzi.

"Nani alikufungia hii?"

"Rafiki."

"Yamepinda nusu nusu, kila moja limegeukia nje kwake. Linaburuzwa, halibingiriki. Lazima liliwe ndani."

"Na mzigo?" Ponsian akauliza. "Mtu akikaa upande mmoja?"

"Mtu gani?"

"Mtu mzito kidogo."

Kijana akacheka. "Kaka, hata ungebeba kiboko wa Sitalike, kwa hesabu hii bado yangeliwa yote mawili."

Alipomaliza alimwambia akalijaribu. Ponsian akatoka nalo barabarani, akaachia usukani. Gari likaenda wima, halikuvuta popote. Badala ya kufurahi akasimama pembeni, akashindwa kuendelea kwa dakika kadhaa. Kalisti alipoelezwa baadaye alisema siku ile ya tairodi jicho lake lilikuwa linamuuma. Gunia Melkior alirudishiwa, kilemba na vyote.

Mama Ng'washi aliporuhusiwa, walimpandisha kwa kumshika huku na huku. Akakaa pale pale pake, kushoto nyuma, kanga usoni, mguu umefungwa bandeji kubwa nyeupe. Suzana akakaa katikati. Kiti cha kulia kilikuwa kitupu. Ponsian akaendesha polepole, akikwepa kila shimo, na kila gari lilipotikisika alijisikia kama amemkanyaga mtu.

Pale getini kamba ilikuwa juu. Yule bwana wa kiti cha plastiki akainuka, akawatambua, akaja na tabasamu lake lile lile. Akainama, akachungulia nyuma kulia, hakuona kitu.

"Mheshimiwa," akasema, "leo lumbesa yako iko wapi?"

Suzana akashika mkono wa mama yake. Ndipo Mama Ng'washi akainua mkono mwingine, akashusha kanga kutoka usoni, yote, mpaka mabegani. Akamtazama mkwewe kwenye kioo, macho kwa macho, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Ponsian," akasema.

Suzana akashtuka. Hata Ponsian hakuamini kwamba ni jina lake.

"Ndiyo, mama."

"Mwambie lumbesa imebaki moja. Nayo imepunguzwa kidole."

Yule bwana akaangalia ile bandeji. Tabasamu likamtoka. Akaenda akashusha kamba mwenyewe, akaishikilia chini kwa mguu mpaka gari likapita lote. Ponsian akaendesha. Barabara ilikuwa nzuri kipande kile, na gari halikuvuta kushoto wala kulia, lakini aliushika usukani kwa mikono miwili mpaka Majimoto.